Mayowe ya Kukodi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupiga nduru. Nawaambia mapema kabla hamjaisikia kwa wengine wakaiharibu. Nyinyi mmenijua kama Nyambura wa maiki, nyanya yenu Shosh wa sauti, yule anayewafokea mkimeza maneno. Lakini kabla ya maneno niliajiriwa nipige mayowe, nikayapiga vizuri, na sioni haya. Mwezi jana niliweka maiki chini kwa sababu daktari alinimulika koo na tochi akatikisa kichwa. Mkaniandalia chai na keki, mkasema, "Shosh, si utuandikie hizi stori badala ya kutugombeza?" Haya, nimekaa. Anayetaka kujua nililipwa ngapi ama nilipandishwa cheo lini, akalale. Kazi yetu haina cheo.

Kwa yule asiyejua kazi yenyewe, ni hivi. Picha inatoka ng'ambo, watu wake wanaongea Kizungu cha puani, na mtu aliyeshinda akivuna viazi wiki nzima hataki kusumbuliwa na Kizungu siku yake ya kupumzika. Kwa hivyo kuna mtu ameketi kando ya televisheni na maiki, anapunguza sauti ya picha, anasimulia kwa Kiswahili: huyu amesema hivi, yule amejibu vile, na huyo anayechungulia dirishani msimwamini. Siku hizi mnafanya kwa kompyuta. Mkikosea mnafuta, mnarudia. Sisi tulisimulia papo hapo, picha ikienda, watu wako mbele yetu na mahindi ya kuchoma, na ukiharibu unarushiwa gunzi.

Nilifika kwenye banda la video la Bondeni, hapa Nakuru, kuuliza kazi ya kufagia. Lilikuwa banda la mabati, na benchi za mbao, na televisheni moja iliyofungwa mnyororo mezani utadhani ilikuwa na mpango wa kutoroka. Mwenye maiki alikuwa Mzee Chumo. Mtu mrefu, koti la sufu hata jua likiwaka namna gani, na sauti nzito aliyoitengeneza mnadani Olenguruone, ambako aliita bei za ng'ombe kabla ya kuingilia mambo ya picha. Aliniangalia kutoka huko juu.

"Kufagia nafagia mwenyewe," akasema. "Unaweza kupiga nduru?"

"Nduru ya nini, mzee?"

"Umefungua mlango, umepata maiti imesimama."

"Kwani mimi ningefungua huo mlango nikitafuta nini?"

"Hilo swali tutalijibu ukishaandikwa. Piga."

Nikapiga. Mwenye bucha jirani akaingia mbio na kisu mkononi, na nyuma yake mama wawili, mmoja ameshika mwiko bado una ugali. Mzee Chumo akawainulia mkono. "Asanteni, rudini kazini. Ni mtu anaandikwa." Nikaanza siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana.

Shida yake ilikuwa hii. Ukipunguza sauti ya picha ili wewe usikike, unapunguza na mayowe. Na zile picha za kutisha za zamani, za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo mzee alizipenda kuliko chakula, ukizitoa mayowe zinabaki watu wakikimbia ndani ya nyumba kubwa bila sababu. Alikuwa amejaribu kujipigia mwenyewe. Kwa sauti ile yake, bibi harusi alisikika kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope, na watu waliokuja kuogopa wakaenda nyumbani wamecheka.

Wacha niwape siri mbili tatu za kazi kabla sijasahau. Nduru haitoki kooni, na wengi wenu ndiyo sababu Jumatatu hamna sauti. Inatoka chini ya mbavu, unaitupa mbele ya meno. Usinywe maziwa kabla ya kazi. Kunywa maji vuguvugu na tangawizi. Maiki ifunge kipande cha sponji ya godoro isidake pumzi. Na usiwapigie watu wote nduru moja, tafadhali. Aliyeona kivuli tu, nduru yake ni fupi, inaingia ndani. Aliyetambua ni nani huyo amesimama mlangoni, yake ni ndefu na inashuka mwishoni. Anayekufa, ikate katikati, na usiimalizie hata ukiona watu wanangoja.

Miaka ya kwanza sikuruhusiwa kusema neno lolote. Wanaume wote wa picha walikuwa wa Mzee Chumo, maneno ya wanawake pia yake, na mimi ni nduru tu. Lakini ukikaa hapo kando unaona mambo. Mwanamke wa picha za kutisha ana gauni jeupe la kulalia na viatu vya kuchongoka, na lazima aanguke. Njia ni tambarare, haina hata changarawe, anaanguka. Anayemfukuza anatembea polepole, mguu mmoja unaburuta, na bado anamfikia. Mimi nimekulia Molo. Nimekimbizwa na fahali katikati ya shamba la pareto na debe la maji kichwani, na sikuanguka. Nikamuuliza mzee.

"Kwa nini huyu anaanguka kila wakati?"

"Asipoanguka, picha itaisha mapema, na hawa watu watatupiga."

"Na mwanamume akianguka?"

"Huyo amegongwa na kitu," akasema, akaendelea kusafisha deki ya kuchezea kanda kwa pamba na spiriti.

Tena hao wanawake walikuwa wa aina zao. Yule mpole, wa nywele nyepesi, anayezimia akiambiwa habari mbaya, huyo ataokolewa na ataolewa. Yule anayecheka kwa sauti, anavuta sigara na anawajibu wanaume, usimzoee, hafiki katikati ya picha. Mwanamke mzee naye, akitokea tu, jua ni mchawi. Nilikuwa nikijipima na hao wote nikaona kwamba mimi ningekufa kabla majina ya mwanzo hayajaisha.

Lakini msije mkafikiri nilizidharau hizo picha. Nilizipenda, na nazipenda mpaka leo kuliko hizi zenu za damu ya kumwagwa kwa ndoo. Waliozitengeneza walijua kutumia kivuli cha ngazi na mlango unaofunguka polepole, basi, na moyo wako unasimama. Na wale wanawake walikuwa mafundi. Unamwona mama wa watu mbele ya kitu kilichoshonwa kwa manyoya bandia, uzi unaonekana kwapani, na yeye anakitazama mpaka wewe unaogopa. Halafu nikagundua jambo lingine. Wanaume wa hizo picha wanaketi sebuleni, wanavuta kiko, wanasema hakuna kitu huko, ni upepo. Anayechukua mshumaa akaenda kuangalia ni yule wa gauni la kulalia. Kila siku ni yeye. Bila yeye hakuna mtu angejua chochote, wangekufa wote wakiwa wamekunja miguu. Nilimwambia Mzee Chumo hivyo. Wiki iliyofuata akanipa maneno ya wanawake, yote, bila hotuba. Akanisukumia maiki ya pili mezani, akasema, "Usiseme unachokumbuka. Sema unachoona." Hayo ndiyo masomo yote niliyopewa.

Halafu kulikuwa na watu wetu ndani ya hizo picha. Eti watu wetu. Afrika ya picha ilikuwa na minazi iliyopandwa kwenye vyungu, simba na chui-milia msitu mmoja, na milima iliyochorwa kwenye kitambaa. Upepo ukivuma, mlima unatikisika. Kila sanduku la hatari lilitoka upande wetu: maiti inayotembea, sanamu yenye laana, mnyama asiye na jina, vyote vimepakiwa huku vikapelekwa kwa watu waliokuwa wakinywa chai yao kwa amani. Watu weusi walipiga ngoma, wakabeba mizigo, wakapiga kelele za lugha isiyokuwa lugha. Siku moja tulipopeleka picha Mau Narok, mtu wa shamba la ngano akamuuliza msimulizi kwa sauti, "DJ, hao wanasema nini?" Mzee Chumo akajibu kwenye maiki, "Wanasema waliambiwa waseme chochote." Wengine hata hawakuwa weusi, ni Wazungu waliopakwa masizi, na watazamaji wetu hawakuwaacha. "Angalia nyuma ya masikio! Huyo amesahau kupakwa nyuma ya masikio!"

Na kila picha ilikuwa na mtumishi mmoja mweusi wa kuchekesha. Macho yanatoka, magoti yanagongana, anaona paka anakimbia. Hukohuko Mau Narok kulikuwa na mzee aliyewahi kuwa mpishi kwa mlowezi, zamani hizo mashamba yakiwa yao. Alikuwa akiwatazama hao watumishi kwa huruma. "Sisi hatukuogopa paka," akaniambia. "Tulikuwa tunasimama nyuma ya viti vyao wakila, na tunasikia kila kitu. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyejua mambo mengi kama mimi." Nilicheka, nikapanda pikapu yetu ya kubebea jenereta, nikasahau. Ndio ujinga wa ujana.

Sasa niwaeleze kubatiza, kwa sababu nyinyi mnabatiza ovyo. Kabla ya picha kuonyeshwa, msimulizi huitazama bila sauti na kuwapa watu wake majina ya hapa, ili mtazamaji asipotee. Mzee Chumo alibatiza kwa uangalifu, akitembea huku na huku na koti lake, akitamka jina mara tatu nne. Tulikuwa na picha moja ya pango ambayo tuliionyesha mpaka kanda ikaanza kuchoka. Wazungu wanaingia Afrika ile ya vyungu kutafuta dhahabu, wanakuta pangoni kuna kitu chenye manyoya ya kijivu hadi magotini. Mkubwa wao mzee alimbatiza Daktari Mjuaji. Mwanamke alikuwa Grace. Kile kitu hakukipa jina, alikiita Hicho tu. Na mbebaji wao mweusi, mshika taa, wa macho na magoti, na wa kwanza kufa, alimbatiza Kiprono. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilikariri majina kama nilivyokariri mahali pa kupiga nduru.

Sitaandika mengi juu ya ile miaka ya majirani wa makabila mawili kuchomeana nyumba. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo waulize wazazi wao kwa upole. Nitasema tu kwamba ilipotulia, kuna sehemu za Kuresoi ambako watu walikuwa wamerudi mashambani lakini hawakusalimiana. Wa upande huu wanapita huku, wa upande ule wanapita kule, kisima ni zamu. Mzee Chumo alikwenda huko majuma kadhaa mfululizo, akanywa chai kwa wazee wa pande zote mbili, akaomba stoo ya viazi ya mama mmoja, akasema Jumapili baada ya kanisa ataleta picha na kila mtu aje. Mimi nilimwambia ni wazimu.

"Nyambura," akasema, "wakicheka pamoja Jumapili, pengine Jumatatu mmoja atamwazima mwenzake jembe. Sitafuti zaidi ya hapo."

"Na wasipocheka?"

"Basi nitakuwa nimewakusanya mahali pamoja, wenye hasira, na mlango mmoja." Akafunga zipu ya begi la kanda. Nilijua hakuwa anatania. Wazee wale walimkubalia kwa jina lake. Likiharibika jambo, ni yeye aliyewaita.

Walikuja. Stoo ilijaa, inanuka udongo na magunia. Hawa wakaketi kushoto, hawa kulia, akina mama wameweka mikoba katikati pale ambapo mtu angeweza kukaa. Jenereta ikanguruma nje, nami nikaweka kanda ya pango, kwa sababu mzee alisema picha ambayo wote wanaogopa kitu kimoja ndiyo inafaa.

Alianza vizuri sana. Lakini baridi ya Molo tuliyolala nayo na moshi wa jenereta vilikuwa vimemkaa kifuani kwa siku ya tatu. Daktari Mjuaji akaingia pangoni na sauti iliyochubuka. Kiprono akatokea na taa yake, macho yamemtoka, mzee akasema, "Kiprono naye anauliza, jamani, kwani dhahabu haipatikani mchana?" Stoo nzima ikacheka, kushoto na kulia. Nilimwona mzee akivuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akafungua mdomo aendelee, ikatoka hewa. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Akanigeukia, akanisukumia maiki yake.

Nikaichukua kwa haraka, nashukuru nimekariri kila kitu. Nikaingia na mzaha wake ule ule uliokuwa unafuata. "Kiprono anatetemeka! Magoti ya Kiprono yanapigiana makofi! Kiprono anatafuta mama yake!"

Kulia wakacheka. Kushoto kukawa kimya.

Sijui kama mmewahi kusikia kicheko cha upande mmoja. Ni kitu kibaya. Kinaanza, hakipati mwenzake, halafu wanaocheka wenyewe wanajisikia, wengine wanaacha, wengine wanacheka kwa nguvu zaidi makusudi. Ndipo nikaelewa. Mzee Chumo alikuwa amemwita mtu wa kuchekwa jina la nyumbani kwake mwenyewe, la kabila lake na la waliokaa kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliniandikia kwenye karatasi jioni ile kwa sababu hakuwa na sauti: wa kuchekwa na wa kufa kwanza mtoe kwenu, usimtoe kwa jirani. Kwa mdomo wake Kiprono alikuwa mzaha wa mtu juu ya ndugu yake. Kwa mdomo wangu, mimi Nyambura wa kabila la waliokaa kulia, mbele ya watu wale, mwaka ule, Kiprono alikuwa tusi. Neno ni lile lile, aliyelisema ndiye mwingine. Na mimi sikufikiria. Nilikariri tu, mjinga mimi.

Kushoto, benchi ya pili, mwanamume mmoja akasimama. Mtu wa makamo, amevua kofia ameishika tumboni. Hakupiga kelele.

"Mama wa maiki," akasema. "Mimi naitwa Kiprono. Huyo wako atakufa?"

Nilijua anakufa baada ya dakika chache. Anakufa vibaya, ananyakuliwa na watu wanacheka. Kijana mmoja upande wa kulia, aliyekuwa akicheka kwa nguvu, akasema, "Si ungoje uone!" na wanaume wawili wa kushoto wakainuka pia. Nilifikiria kuzima jenereta. Nilifikiria kumbadilisha jina, lakini nimbadilishe nimpe la nani, katika stoo ile? Nikamtazama Mzee Chumo. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka, na hakuweza kuniambia neno. Aliinua vidole viwili tu, akavielekeza kwenye macho yake, kisha kwenye kioo cha televisheni.

"Keti, baba," nikamwambia yule mtu, na maiki ikaipeleka sauti yangu hadi nje. "Keti tumwangalie wote."

Akaketi. Nadhani ni kwa sababu nilisema baba. Na mimi nikageuza kiti nikamwangalia mtu wa taa, kwa mara ya kwanza, baada ya kukaa kando yake miaka yote hiyo.

Nikasimulia nilichokiona. Hicho kimetoka gizani. Wazungu wanakimbia, na nikasema wazi wanapita kando ya Kiprono bila kumtazama, Daktari Mjuaji mbele yao wote. Kiprono hakimbii. Amesimama mlangoni mwa pango, ameinua taa. Magoti yanatetemeka, ndiyo, lakini angalieni mkono, mkono hautikisiki. Grace anakuja nyuma, na kwa kawaida yake anaanguka. Kiprono anainama kumshika. Mkono unakwenda, unafika karibu na bega lake, halafu unasimama hewani. Hapo nilielewa. Mtu mweusi kumshika mwanamke mweupe kwenye picha za wakati ule haikukubalika, na huyo mwigizaji alilijua hilo kuliko aliyekuwa nyuma ya kamera. Basi akafanya kile alichoruhusiwa. Akashusha taa karibu na miguu yake, ili aone pa kukanyaga. "Kiprono anammulikia," nikasema. "Grace anainuka mwenyewe kwa mwanga wa Kiprono." Akainuka. Yule yule aliyekuwa akianguka kila Jumapili, akainuka, akapita.

Kisha mkono wa manyoya ukatoka nyuma ya Kiprono. Hapo ndipo mahali pangu pa nduru. Miaka yote, sekunde hiyo, nilikuwa namtupia Grace nduru yangu bora kuliko zote, ndefu, ya kushuka mwishoni, na macho ya watu wote yalikuwa yanakwenda kwa Grace. Siku hiyo sikupiga. Stoo ikabaki kimya, na kwa ule ukimya tukaona kitu ambacho mayowe yangu yalikuwa yamekifunika. Kabla hajanyakuliwa, yule mtu aliweka taa chini. Hakuiangusha, hakuitupa. Aliinama akaiweka juu ya jiwe, utambi juu, polepole, kama unavyoweka kitu ambacho mwingine atakihitaji. Mwongozaji hakumwambia afanye hivyo, naapa. Mwongozaji alitaka macho yamtoke na alie. Waliompa kazi ya kuwa mjinga walimpa na nguo zake na maneno yake, lakini mikono ilikuwa yake, na kwa sekunde mbili akaitumia.

"Ameweka taa," nikasema. "Ameiweka wenzake waone njia."

Akanyakuliwa. Grace akageuka, akafungua mdomo mara tatu, na hapa nakiri nilidanganya: kwenye picha anaita mwanamume wake. Mimi nikaita, "Kiprono! Kiprono! Kiprono!" Nikaita kweli, koo likanichoma.

Picha ikaendelea, Daktari Mjuaji akaoa, nikasimulia bila moyo na hakuna aliyesikiliza. Majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, yule mwanamume wa kofia akasema, "Rudisha kidogo." Nikarudisha. Tukamtazama tena akiweka taa, bila maiki. Kisha kijana wa kulia, yule yule wa "ungoje uone," akasema, na sasa hakuwa na ule ujeuri, "Shangazi, huyo jamaa anaitwa nani kwa ukweli? Si imeandikwa hapo. Tusomee."

Nikasimamisha kanda, mistari ikawa inarukaruka, nikasoma nimeweka pua kwenye kioo. Daktari yuko. Grace yuko. Aliyevaa manyoya yuko. Kuna aliyetengeneza nywele, kuna aliyetunza farasi, na farasi wenyewe wanaonekana mara moja kwa mbali. Nikasoma mara ya pili kutoka juu.

"Hayuko," nikasema.

"Hayuko aje? Si tumemwona?"

"Hawakumwandika."

Loo! Stoo nzima ikanigeukia. Walioketi kushoto na walioketi kulia, mama mwenye stoo, kila mtu anasema kwa wakati mmoja, wanaambiana, wanaonyeshana kioo. Farasi wameandikiwa mtu! Soma vizuri, wewe! Mama mmoja wa kulia alikuwa amemshika mkono mama wa kushoto akimweleza kuhusu ile taa utadhani mwenzake hakuwepo. Waligombeza picha hiyo pamoja, wakanigombeza na mimi, mpaka Mzee Chumo akaketi chini kwenye gunia akafunika uso kwa koti lake, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama anacheka ama analia. Naamini ni yote mawili.

Yule mwanamume akasimama tena. Wakamnyamazia.

"Kama hawakumwandika," akasema, "basi achukue langu."

Akaja mbele akitaka kuona nikiliandika. Mzee Chumo akaniwekea kanda juu ya meza, akaishika kwa mikono miwili isiteleze, nami nikaandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, chini kidogo ya jina la picha, kwa herufi kubwa: KIPRONO, MSHIKA TAA.